Warudishieni Wazee Maneno Yao

Jumamosi yoyote, katika boma lolote lililofiwa kati ya Mwingi na Mtito Andei, mambo huenda hivi. Jeneza liko chini ya hema. Wazee wa mbai, yaani ukoo, waliokesha wakipanga kaburi, michango na chakula cha wageni, wameketi nyuma kwenye viti vilivyobaki. Viti vya mbele, vilivyofunikwa vitambaa, vinangoja. Saa tano inapita, saa sita inapita, jua linachoma, na maiti hazikwi kwa sababu mheshimiwa yuko njiani. Akifika, ibada inakatizwa. Mwenye kipaza sauti anaanza kuita: mheshimiwa gavana, mheshimiwa seneta, mheshimiwa mbunge, waheshimiwa wawakilishi wadi, mheshimiwa wa zamani, mheshimiwa anayewania. Orodha ikimchosha, wazee wote wa boma, pamoja na mama aliyemzaa marehemu, wanafungiwa katika maneno mawili: itifaki imezingatiwa.

Haikuzingatiwa. Imepinduliwa mbele ya macho yetu, na sisi tumepiga makofi.

Ninalolisema leo ni hili. Kitui na Makueni tumewanyang'anya wazee maneno ya heshima tukawavisha wenye vyeo. Tumefanya hivyo hadharani, mbele ya watoto, hadi watoto wanaamini kwamba heshima hutolewa na Tume ya Uchaguzi pamoja na cheti cha ushindi. Na neno la heshima halihami peke yake. Likihama huondoka na kiti, na zamu ya kusema, na sikio la karani, na mwishowe na fedha. Anayedhani haya ni mambo ya adabu tu na aangalie ni nani huhudumiwa kwanza katika afisi za umma, kisha aniambie kama adabu haina bei.

Ukambani hatukuwahi kupungukiwa maneno. Mwanamume wa rika la baba yako ni asa. Mwanamke wa rika la mama yako ni mwaitu, hata kama hamna tone la damu moja. Nyanya ni susu, babu ni umau. Mtu mzima mwenye watoto hatajwi kwa jina tupu: ni ithe wa Mutua, ni inya wa Mwende. Maneno haya hayamuulizi mtu ana ekari ngapi wala amesoma hadi wapi. Yanauliza ameishi na watu kwa muda gani, na yeye ni nani kwao.

Tena hufunga pande mbili, na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Nikimwita mtu asa, nimejipa wajibu: nimpishe, nimbebee mzigo, nisimjibu kwa ukali. Lakini naye nimempa wajibu. Asa hawezi kula mtoto akitazama. Asa akiitwa kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba lazima aje, na akipendelea upande mmoja aibu ni yake na ya mbai yake. Mwaitu akiniona nimelewa barabarani ana haki ya kunigombeza, na pia hawezi kupita tu akaniacha nimelala pale. Sasa jiulize: nikimwita mtu mheshimiwa, yeye amejifunga kwangu kwa lipi? Hakuna. Neno hilo linapanda kwake na wala halirudi. Ndiyo maana analipenda hivyo.

Wala wazee wetu hawakupewa heshima bure. Kabla ya Mwingereza kufika, Wakamba hawakuwa na mfalme wala chifu. Mambo ya utui, yaani kijiji, yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee, na kufika kwenye nzama ilikuwa safari ya miaka. Mtu alitoka kwa anake, yaani vijana, akawa nthele, mwanamume aliyeoa, akawa miongoni mwa atumia, wazee wenyewe, na kila hatua ilimgharimu mbuzi na pombe ya karamu kwa waliomtangulia. Alilipa kwanza, akasikilizwa baadaye. Siku hizi tunayemheshimu sana ndiye tunayemlipa sana, na gari tumemnunulia, na dereva tumemwajiria. Jasho limehamia kwa anayeheshimu.

Mapinduzi haya ya heshima yana tarehe. Mwaka wa 1902 wakoloni walitunga sheria ya wakuu wa vijiji. Mtu mmoja aliteuliwa, akapewa mamlaka ya kukusanya kodi na kutoa vibarua, na mara nyingi hakuwa yule ambaye nzama ingemchagua. Wakati huohuo mzee mwenye wajukuu aliitwa boi jikoni mwa mlowezi, na kijana wa Kiingereza aliyetumwa kusimamia boma la Kitui aliitwa Bwana Mkubwa na watu waliomzidi umri kwa miaka arobaini. Hapo ndipo Mkamba alipofundishwa kwa kiboko kwamba cheo kinaweza kuupita umri, na kwamba mvi ni rangi ya nywele tu.

Wapo waliokataa somo hilo. Mwaka wa 1938, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, serikali ilianza kukamata na kuuza ng'ombe wa Wakamba kwa madai ya kuokoa udongo. Muindi Mbingu hakuwa chifu. Aliongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma wakidai kusema na Gavana Brooke-Popham ana kwa ana. Waliambiwa warudi nyumbani wakapeleke malalamiko yao kwa ngazi zinazofaa. Walikataa. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini ukamataji wa mifugo kwa nguvu ukasimamishwa. Leo barabara ya katikati mwa Nairobi ina jina lake. Jina tupu, bila cheo mbele yake, na hakuna anayeliona dogo.

Uhuru ulipokuja, tulichukua kiti cha Bwana Mkubwa pamoja na maneno yake yote. Kitui ilitoa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kenya, Kitili Mwendwa, mwaka wa 1968. Ilikuwa fahari yetu, na ni haki yetu kujivunia. Lakini mwana huyo wa chifu Mwendwa wa Kitavi alikaa chini ya wigi la Kiingereza na kuitwa kama makabaila wa London wanavyoitwa. Kisha tukaingia enzi ya Nyayo, ambapo taarifa ya habari ilifunguliwa kwa Mtukufu Rais siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, hata siku ambayo hakufanya lolote la kutangazwa. Kizazi kizima kilikulia kwenye sauti hiyo. Wanaoshika vipaza sauti mazishini leo walifundishwa utukufu na redio kabla ya kufundishwa kusoma.

Katiba ya 2010 ilitupa nafasi ya kutubu. Isomeni. Kifungu cha 73 kinasema mamlaka ya afisa wa serikali ni amana, na kwamba amana hiyo inampa wajibu wa kuwatumikia wananchi badala ya uwezo wa kuwatawala. Kifungu cha 57 kinaiagiza serikali ichukue hatua ili wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, waishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Mzee, kwa maana ya Katiba, ni aliyepita miaka 60. Angalieni basi ni nani Katiba ilimwahidi heshima kwa umri wake. Hakuna kifungu kinachoagiza gavana aitwe mtukufu au mwakilishi wadi aitwe mheshimiwa. Kipo kinachoagiza susu aheshimiwe.

Tulifanya nini na Katiba hiyo? Ugatuzi ulipoanza 2013, magavana waling'ang'ania kuitwa watukufu na kupeperusha bendera kwenye magari. Wabunge wakakasirika, na mwaka wa 2014 ukaletwa mswada Bunge la Taifa wa kupanga vyeo na itifaki, nani aitwe nini na nani amtangulie nani. Nchi nzima ilishuhudia watu wazima wakigombania maneno. Hakuna hata mmoja katika ugomvi huo aliyeuliza mwananchi wa miaka 80 aitwe nani akifika mbele ya afisa wa umma.

Hesabuni. Kitui ina wadi 40, Makueni ina 30. Ongezeni wabunge 14 wa maeneo bunge, maseneta wawili, wawakilishi wa kike wawili na magavana wawili. Hao ni watu 90 waliochaguliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.1 katika kaunti hizi mbili. Watu 90 wamebeba neno ambalo milioni mbili walipaswa kuwapa mama zao.

Sasa njoo kwenye dirisha la afisi. Mwaitu wa miaka 75 amepanda matatu alfajiri kutoka Ikutha au Kathonzweni, kitambulisho kimefungwa kwenye leso. Karani wa umri wa mjukuu wake hainui macho. “Wewe mama, hebu ngoja pale.” Wewe! Kijijini kijana akimtamkia mama mzima neno hilo kwa sauti hiyo, wajomba huitwa. Afisini limekuwa lugha ya kazi. Mwaitu anakaa kwenye benchi, na kama benchi limejaa anakaa sakafuni. Kisha anaingia kijana mwenye miwani ya jua, akinong'ona kwamba ametumwa na mheshimiwa. Faili inatafutwa. Inapatikana. Kumbe ilikuwepo tangu asubuhi.

Serikali ina mpango wa Inua Jamii, ambao humpa mwenye miaka 70 au zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni fedha kidogo, na kwa susu wa Zombe anayelea wajukuu ni unga na dawa. Mara nyingi zimechelewa kwa miezi. Mishahara ya maafisa wa kaunti ikichelewa, nchi husikia kilio chao kabla ya mwezi kwisha. Susu hana chama cha kugoma wala msemaji wa kuitisha mkutano na wanahabari. Alichokuwa nacho ni jina, na jina hilo tumemvua.

Tazameni pia mzee wa kijiji. Huyu ndiye anayeamshwa usiku wa manane mume akimpiga mkewe, anayesuluhisha mipaka, anayemtembeza chifu nyumba kwa nyumba, anayejua nani amekufa na nani amezaliwa. Kwa miongo mingi amefanya kazi hiyo bila mshahara. Serikali ilipomwita mzee ilikuwa na maana kwamba hatalipwa. Ilipomwita mwingine mheshimiwa ilikuwa na maana kwamba atapewa gari. Mnaona sasa jinsi neno linavyogawa fedha?

Na bado wenye vyeo hawajatosheka. Wameyachukua hata maneno ya ukoo. Mwanasiasa anataka kuwa Baba, na mwakilishi wa kike anaitwa Mama Kaunti. Anakula sahani zote mbili: bungeni ni mheshimiwa asiyepingwa, kijijini ni mzazi asiyejibiwa. Lakini mzazi hulala njaa mtoto ale. Kiangazi kilipokaza na watu wa Kitui Mashariki wakatembea nusu siku kutafuta maji, hao baba na mama wa kaunti walilala na kiu kwa ajili ya nani?

Mwana mmoja wa Kitui alijaribu kuivunja desturi hii ya vyeo kutoka juu. Willie Mutunga, mzaliwa wa Nzambani, alipokuwa Jaji Mkuu mwaka wa 2011 aliondoa mawigi ya nywele za farasi na kuagiza kwamba majaji wasiitwe tena “My Lord”. Akapendekeza neno la Kiswahili, Mheshimiwa. Namheshimu kwa ujasiri huo. Aliona kwamba mwananchi anayeingia mahakamani akilazimishwa kumwita binadamu mwenzake bwana wake, basi ameshashindwa nusu ya kesi kabla haijasomwa. Lakini tazameni mwisho wake. Oktoba 2016 mrithi wake, David Maraga, aliapishwa akiwa amevaa wigi, na neno lile la makabaila bado linasikika mahakamani hadi leo. Mawakili walilipenda, majaji wengi walilipenda, na wananchi, ambao ndio walioonewa nalo, hawakuwa wameambiwa kwamba vita ni vyao.

Funzo langu kutoka kwa Mutunga ni kwamba amri ya mkubwa haitoshi kuwashusha wakubwa. Neno la heshima halina uhai mpaka kinywa cha mwingine kilitamke. Mwenye cheo hawezi kujiita mheshimiwa peke yake chumbani likawa na maana. Anatuhitaji sisi. Nguvu iko kwa anayeita, na sisi ndio tunaoita. Tumekuwa tukiitoa nguvu hiyo bure kila Jumamosi, kila Jumapili kanisani, kila asubuhi redioni.

Majirani zetu wa Tanzania walionyesha kwamba inawezekana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno la kuitana hadharani lilikuwa ndugu, kuanzia mkulima hadi waziri. Na rais wao aliishi na kufa akiitwa Mwalimu, jina la kazi aliyoifanya kwa mikono yake kabla ya siasa. Je, Nyerere alipungua? Kuna rais wa Afrika Mashariki aliyeheshimiwa kuliko yeye? Siku hizi hata kwao mheshimiwa amerudi kwa kishindo, na hilo ni onyo kwetu: neno la usawa lisipolindwa na watu wa chini, wa juu hulisahau haraka sana.

Nyumbani pia tuna mfano. Makueni, Septemba 2014, risasi zilifyatuliwa kwenye bunge la kaunti mjini Wote katika mvutano kati ya wawakilishi wadi na serikali ya Gavana Kivutha Kibwana. Watu wakajeruhiwa. Waliohusika walikuwa waheshimiwa na walinzi wao. Cheo hicho kitukufu hakikumzuia mtu yeyote kuvuta kifyatulio. Waliosimama na kusema imetosha ni wananchi wasio na cheo, walioweka sahihi zao wakitaka kaunti nzima ivunjwe wachague upya. Tume ya uchunguzi ikakubaliana nao mwaka wa 2015, Rais akakataa kuivunja, na kaunti ikaendelea. Katika kaunti hiyohiyo, na katika kipindi hichohicho cha kwanza, ulizaliwa mpango wa MakueniCare: familia ilichangia shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti, na aliyepita miaka 65 akatibiwa bila kulipa. Mnaona tofauti? Asa anayepokewa hospitalini bila kuulizwa pesa ameheshimiwa, hata kama hakuna aliyetaja jina lake kwenye kipaza sauti. Heshima ya aina hiyo ndiyo ninayoidai, na neno jema ndilo mlango wake wa kwanza. Mhudumu aliyezoea kumwita mgonjwa mwaitu atapata shida kumwacha alale kwenye korido.

Najua nitakayojibiwa.

Wa kwanza atasema kumheshimu kiongozi ni kuwaheshimu waliomchagua. Sikubali. Tuliomchagua tuko huku nje kwenye jua. Kama heshima yake ni yetu, mbona haitufikii? Mwalimu tunamwita mwalimu, daktari tunamwita daktari, na hakuna anayelia kwamba amedharauliwa. Gavana naye aitwe gavana. Hilo ni jina la kazi kubwa na la kutosha. Mtu akilionea haya, basi anaionea haya kazi yenyewe.

Wa pili atasema wazee wenyewe waliwanyamazisha wanawake na vijana, na kwamba nzama ilikuwa ya wanaume. Hilo ni kweli na silifichi. Sitaki kurudi huko. Ndiyo maana nimewataja mwaitu na susu kila nilipotaja asa, kwa sababu heshima ninayoitetea ni ya umri wa mwanamke sawasawa na wa mwanamume. Kuhusu vijana, tuliona Juni 2024 walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Waliowaambia nyamazeni ninyi ni watoto hawakuwa susu zao wa Mutomo na Mbooni. Walikuwa wenye vyeo waliojificha nyuma ya mvi zao. Mzee wa kweli hana haja ya kujificha hapo. Asa akikosea, anaweza kuambiwa: asa, hapa umekosea. Neno lenyewe linabeba upole na ukweli kwa pamoja, kwa kuwa anayesema na anayeambiwa ni wa nyumba moja. Jaribu kumwambia mheshimiwa amekosea, mbele ya walinzi wake, uone utakavyofika nyumbani. Wahenga walisema heshima si utumwa. Ile tunayowapa wenye vyeo imekuwa utumwa.

Wa tatu atasema watu hawali maneno, Ukambani kuna njaa na kiu, tushughulikie maji kwanza. Huyu ndiye ninayemjibu kwa hasira kuliko wote, kwa sababu maji ndiyo sababu yangu. Nani anajua mahali mto unapohifadhi maji chini ya mchanga? Ni susu aliyechimba kwa mikono katika kiangazi cha 1984, kile ambacho Ukambani kiliitwa Nikwa Ngwete, ninakufa nikiwa na fedha mkononi. Anajua penye mwamba na penye udongo wa kufyonza. Nani anakumbuka jinsi mwethya, kazi ya pamoja ya wanakijiji, ulivyojenga matuta na mabwawa ya mchanga bila zabuni wala mwanakandarasi? Ni asa aliyebeba mawe. Kisha kaunti inaitisha kikao cha maoni ya umma, waheshimiwa wanahutubia hadi saa nane, na mwishoni mwananchi anapewa dakika mbili na kuambiwa afupishe. Bwawa linajengwa mahali pasipofaa, linajaa udongo, na tunalia ukame. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee wawepo na wasemeshwe. Wakiwekwa nyuma ya hema, neno huharibika na maji humwagika.

Kwa hiyo nadai mambo haya, na nayadai kutoka kwa watu mahsusi.

Wenye kuongoza mazishi na harusi: mtajeni kwanza aliyefiwa au anayeozesha, kisha wazee wa mbai, wanawake kwa wanaume, kwa majina yao. Mwanasiasa akiwepo atajwe mwishoni kwa jina na kazi. Saa ya ibada ikifika, ibada ianze, awe amefika au hajafika.

Makasisi na wachungaji: madhabahu ina Mwenyewe. Msiipe mtu mwingine cheo mbele yake, hasa yule aliyekuja na bahasha.

Watangazaji wa Musyi FM, Athiani FM, Mbaitu FM na vituo vyote vinavyotumia lugha zetu: redio ndiyo iliyotufundisha utukufu, redio ndiyo itakayotutoa. Semeni gavana, semeni seneta, semeni mwakilishi wadi, mtaje na jina. Mzee akipiga simu kituoni, mwiteni asa, na msimkate katikati ya sentensi.

Mabunge ya kaunti ya Kitui na Makueni: kama kanuni za vikao zinawataka muitane waheshimiwa ndani ya ukumbi, itaneni humo humo. Mkitoka mlangoni liacheni neno hilo ndani. Kisha wekeni katika kanuni za watumishi wa kaunti kwamba kila aliyepita miaka 60 akiingia afisini, kliniki au sokoni kulipa ushuru, atasalimiwa kwa neno la ukoo, atapewa kiti na atahudumiwa kwanza. Anayevunja kanuni hiyo aadhibiwe kama anayevunja kanuni nyingine yoyote.

Serikali ya kitaifa: mzee wa kijiji alipwe, na fedha za Inua Jamii zitoke kwa tarehe inayojulikana. Mkiendelea kumwita mzee huku mkimnyima haki yake, mnalitukana neno.

Walimu na wazazi: mtoto asiyejua kumsalimu jirani mzee, lakini anayejua kumshangilia mheshimiwa shuleni, ameshafundishwa kuabudu madaraka. Hilo nalo halimo katika mtaala wowote. Limo katika sisi.

Na kwa wewe uliyeshika gazeti hili ukiwa Kalundu, Emali, Nunguni au Kyuso, sikuachi nje. Hakuna askari atakayekukamata kwa kumwita gavana Bwana Gavana. Hakuna sheria inayokulazimisha kusimama mtu mwenye umri wa mwanao anapoingia huku baba yako akiwa hana kiti. Umekuwa ukitii bila kuamriwa. Acha.

Agosti 2027 inakuja. Kabla yake watajaa vijijini, na mtashangaa jinsi wanavyoyajua maneno. Watapiga magoti mbele ya susu. Watamwita kila mwanamke wa sokoni mwaitu, kila mwanamume chini ya mwembe asa, na watayatamka kwa lafudhi ya nyumbani kabisa. Hawajayasahau, huwa wanayaacha tu mlangoni wanapoapishwa. Safari hii tuwawekee sharti mapema, kabla ya kura hata moja: maneno mnayotuombea kazi nayo ndiyo mtakayotuhudumia nayo kwa miaka mitano, na sisi tutawaita kwa jina la kazi tuliyowapa. Atakayeona sharti hilo linamshusha hadhi asichukue fomu, kwa maana sisi tunatafuta watumishi, na wazee wa kuwaheshimu tunao tayari.